Mgonjwa wa stroke ana kidonda cha sukari mguuni: fizio akiguse ama amwachie nesi?

Swali: "Mwalimu shikamoo. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, nafanya kliniki ndogo huku Kisauni, Mombasa, na pia naenda majumbani. Nina mzee Majengo, umri sitini na kitu, alipata stroke, upande wa kushoto ndio dhaifu, na ana sukari ya siku nyingi. Ameanza kusimama na kutembea na fimbo. Juzi kumvua soksi nakuta kidonda chini ya shina la kidole gumba, mguu wa kulia, yaani ule mzima, kina sugu pembeni na yeye asema hakimuumi. Nesi wa mtaa huja kukifunga mara mbili kwa wiki lakini hakipungui. Watoto wake wataka nikisafishe mimi manake ndiye niko pale kila mara, mwenzangu kazini aniambia vidonda si kazi ya fizio nisijitie matatani. Nifanye nini, na mazoezi tusimamishe? Pia wanamtia kwa beseni la maji ya moto na chumvi, na kuna mtu amewashauri wawe wanampeleka baharini."

Marhaba dadangu, na pole kwa hiyo presha ya familia, twaijua wote tunaofanya kazi za majumbani, ukishaonekana mara mbili tatu bas wewe ndiye daktari, nesi na mshauri wa ndoa.

Mwenzako ana nusu ya haki. Kama asema usishike kisu ukaanza kuchonga mguu wa mtu na hukufunzwa, hapo msikilize. Lakini akisema kidonda chote kizima si kazi ya fizio, simkubalii. Marekani mafizio wanasafisha vidonda, wanaondoa nyama mfu, wanafunga bandeji za kubana, mpaka wana ubingwa wao wa vidonda unaotambulika rasmi. Hapa kwetu desturi ni nyingine, kudresi, yaani kusafisha na kufunga kidonda, ni kwa nesi na kazi imegawika hivyo miaka yote, wala sikwambii uende ukaipindue Majengo. Ninachokwambia ni kwamba kwa mguu kama huo, kile kinachofunga kidonda kwa sehemu kubwa kiko mikononi mwako, na nesi hata aje kila siku na dawa ya bei gani, wewe usipofanya yako hakitafunga.

Usinichukulie kwa maneno matupu. Mwaka 1989 Michael Mueller, naye ni fizio, yeye na wenzake walichapisha utafiti walioufanya St. Louis kule Marekani, wagonjwa wa sukari wenye vidonda vya unyayo kama cha mzee wako. Kundi moja lilifungwa vizuri kwa dresi za kawaida na kuambiwa lisikanyagie, kundi la pili likatiwa plasta ngumu kama ile ya mfupa uliovunjika, inayogusa unyayo wote mpaka chini ya goti, ile ambayo mgonjwa hawezi kuivua. Kwenye plasta vilifunga vidonda 19 kati ya 21, na kwa wastani ilichukua siku 42. Kwenye dresi vilifunga 6 kati ya 19. Sukari ni ile ile, aina ya vidonda ni ile ile, tofauti kubwa ni uzani. Na hawa wa dresi si kwamba walipuuzwa, walikuwa wanahudumiwa, ila mtu akishafungwa bandeji yake nzuri nyeupe huinuka akaikanyagia mpaka chooni, mpaka mlangoni, mpaka dukani. Ni kupiga deki huku mfereji uko wazi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, na wagonjwa wa ukoma, ndiye aliyeonyesha watu kwamba vidole na nyayo zile hazikuwa zinaoza zenyewe, zilikuwa zinaumia manake mtu hasikii maumivu, akanyaga pale pale kila siku mpaka ngozi inapasuka. Mguu wa sukari uliokufa ganzi ni hadithi hiyo hiyo. Kwa hivyo mzee akikwambia "haumi mwanangu, usijali", wewe hapo ndipo ujali. Ukiona kidonda hakiumi jua kengele imekatwa waya.

Sasa nakuja kwa jambo ambalo sidhani umelitazama, na ndilo linalonifanya niandike marefu hivi. Mbona kidonda kiko mguu wa kulia, ule mzima? Mfikirie vile anavyosimama. Kushoto ni dhaifu, haamini kuutia uzani, kwa hivyo akiinuka kwenye kiti mwili wote wenda kulia. Akitoka kitandani kwenda kwenye kiti agonga unyayo wa kulia chini kisha azunguka juu ya shina la kidole gumba, na akitembea na fimbo mguu wa kulia ndio ubebao muda mrefu huku wa kushoto ukiburuzwa. Ngozi pale yapondwa na kusagwa kwa pamoja, na huko kusagwa ndiko kubaya zaidi. Ivo ni kusema, pengine ni mazoezi yetu wenyewe, kumfurahikia mzee ameanza kutembea, ndiyo yaliyokifungua. Sikulaumu, stroke ndivyo ilivyo, lakini wajionea mwenyewe hapo nesi hana la kufanya, hajui mzee ajigeuza vipi kutoka kitandani. Wewe wajua.

Kabla hujabadilisha chochote hakikisha mambo kadhaa ya huo mguu, na haya yote yako ndani ya kazi yako bila ubishi. Mapigo kwanza, yale ya juu ya mguu na yale ya nyuma ya fundo la ndani. Ukiyapata yote mawili vizuri, alhamdulillahi. Usipoyapata, ama mguu ni wa baridi, ama kuna kidole cheusi, usitie plasta, usimfunge bandeji ya kubana, usiguse ile nyama nyeusi kavu, mwandikie barua aende Makadara, yaani Coast General, akapimwe mishipa. Kama kazini mna dopla, ile mashine ya kusikiliza damu mishipani, pimeni presha ya fundo muigawanye kwa ya mkono, kawaida ni kuanzia 0.9 mpaka 1.3, lakini kwa mtu wa sukari ya miaka usidanganyike na namba nzuri, ateri zao huwa ngumu kama zimetiwa chokaa na namba yapanda juu kumbe damu haifiki. Ikizidi 1.3 ihesabu kama haijakwambia kitu, hapo yapimwa presha ya kidole cha mguu.

Kisha pima ganzi kwa ile nyuzi ya gramu 10, uzi wa plastiki unaopinda ukibonyezwa kwa uzani huo, mzee afumbe macho, usiibonyeze juu ya sugu. Kisha joto. Weka mgongo wa mkono wako kwenye miguu yote miwili sehemu ile ile, na kama una kipimajoto cha ngozi tafuta tofauti ya digrii 2.2 ama zaidi. Mguu ukiwa wa moto na umefura na hauna maumivu ya maana, hata kama kidonda ni kidogo, shuku mifupa ya ndani inavunjika kimya kimya, simamisha kutembea siku hiyo hiyo na umtume kwa daktari. Hili la joto nalisisitiza kwa sababu vitabu vingi vyaandika "tazama wekundu", na ngozi zetu hizi wekundu hauonekani vile, utaona ngozi imeng'aa, imekuwa ngumu, imeingia weusi zaidi ama zambarau, na ukiigusa yachoma. Ikiwa dalili hizo zimetambaa kutoka ukingo wa kidonda kwa sentimita 2 ama zaidi, ama kuna usaha, uvundo, homa, sukari imepanda ghafla bila sababu, ama nesi akisafisha kwa kijiti chake agonga kitu kigumu ndani, huo ni mfupa, hiyo ni hospitali leo. Si kesho baada ya shughuli, leo.

Tuseme yote hayo yako sawa, mapigo yapo na hakuna maambukizi. Sasa kazi ni moja, kukitua mzigo. Chaguo la kwanza duniani kote kwa kidonda cha sukari kilicho mbele ya unyayo ni kitu cha mpaka chini ya goti kisichovulika, plasta ama buti. Lakini mzee wako ni wa stroke na mguu mmoja dhaifu, ukimtia plasta mguu ule mzima umemuongezea urefu na uzito upande anaoutegemea, na akianguka akavunja nyonga tutakuwa tumeuza mguu tukanunua kaburi. Kwa hivyo mimi nisingekimbilia plasta kwake. Ningeanza na kupunguza hatua zenyewe, kiti cha magurudumu ndani ya nyumba kwa wiki hizi, kiti cha choo karibu na kitanda, na ile sponji nene yenye gundi unayoikata ukaacha tundu pale kidonda kilipo, yabandikwa kwenye ngozi nzima kuzunguka kidonda, na kiatu kipana chenye soli ngumu juu yake. Sponji yalala, haikai siku nyingi, mkubaliane na nesi kila akija kudresi muibadilishe. Na kama kuna fundi wa viungo bandia aliyezoea plasta hizi, na mzee uthabiti wake wa kusimama umekuwa mzuri, bado yawezekana, ila kiatu cha mguu wa pili kiinuliwe soli vilingane, na plasta ya kwanza ifunguliwe ndani ya siku chache tu kwa sababu uvimbe hupungua na ikilegea yaanza kukwaruza yenyewe.

Buti la kuvua na kuvaa? Yaruhusiwa, lakini jua watu hawavai. Kuna utafiti walitega kipima hatua kwa mgonjwa na kingine ndani ya buti bila kumwambia, wakakuta buti lilivaliwa kwa asilimia 28 tu ya mwendo wake wa siku. Na hao ndio waliokubali kuingia kwenye utafiti. Wengi hulivua wakiwa nyumbani, na nyumbani ndiko watembeako. Kwa hivyo mueleze mke wake na yule kijana anayelala pale, si mzee peke yake.

Na hapo Majengo usisahau msikiti. Nimeona wagonjwa wamefuata kila kitu kasoro hiki, manake hakuna aliyewauliza. Kwenye sujudi, na pale unapoinuka kutoka kukaa, vidole vya mguu vyakunjwa na uzani wote waingia pale pale kwenye shina la kidole gumba, mara ngapi kwa siku hesabu mwenyewe. Mwambie aswali juu ya kiti mpaka kifunge. Halafu udhu, kidonda chapata maji mara tano, bandeji yabaki mbichi, ngozi ya pembeni yalainika na kuwa nyeupe. Hili si lako kulitolea fatwa, mpelekeni kwa imamu wao, mlango wa jabira wa kupaka maji juu ya bandeji yeye aujua vizuri, na neno la sheikh kwa mzee lina nguvu kuliko la kwako na langu. Ijumaa mchana ile sakafu ya nje ya msikiti ikishika jua naye hana viatu, mguu uliokufa ganzi waungua na yeye hana habari. Vile vile mchanga. Na champali zile za kamba katikati ya vidole azitoe kabisa, kamba yasugua na soli ni laini kama karatasi.

Mazoezi usisimamishe. Yabadilishe. Mtu wa stroke ukimlaza wiki sita arudi nyuma kote, na sukari yapanda pia, kwa hivyo "pumzika mpaka kidonda kipone" ni ushauri mbaya japo utausikia mpaka kwa watu wa hospitali. Acha kwa sasa kutembea kwa mazoezi, ngazi, kusimama kwa mguu mmoja wa kulia, na kile cha kulala chali ukiinua makalio, kile chasukuma unyayo na kisigino kwenye godoro. Badala yake mfanyishe mikono, kiwiliwili, kunyoosha goti akiwa amekaa, mguu wa kushoto akilala ubavu. Kuinuka kwenye kiti endelea nako, muhimu mno, ila weka kiti juu zaidi, avae kiatu chake chenye sponji, na mguu wa kushoto uuvute nyuma kidogo kuliko wa kulia kabla hajainuka. Ukifanya hivyo mguu dhaifu walazimika kubeba zaidi. Hapo umeua ndege wawili, stroke yafanyiwa kazi na kidonda chapumzika. Na kuhama kitandani marufuku kuzunguka juu ya unyayo, ama atumie ubao wa kuteleza, ama apige hatua ndogo ndogo akiinua mguu, kijana wa nyumba umfundishe mpaka aweze bila wewe kuwepo.

Angalia pia fundo lake la kulia lapanda kiasi gani. Wagonjwa wa sukari mshipa wa kisigino, si wa damu, ule ukano wa nyuma ya fundo, huwa mgumu, mguu haupandi hata kufika digrii 90 na zaidi kidogo, matokeo yake mbele ya unyayo yapokea mzigo mapema na kukaa nao muda mrefu. Ukiunyoosha fanya akiwa amekaa ama amelala, kwa taulo, ukishika kisigino, si ile ya kuegemea ukuta na kukanyagia vidole. Mueller huyo huyo na wenzake mwaka 2003 walitoa utafiti wa wagonjwa waliorefushwa mshipa huo kwa upasuaji pamoja na plasta, na wengine plasta peke yake, na miezi saba baadaye kidonda kilikuwa kimerudi kwa asilimia 15 ya waliorefushwa na asilimia 59 ya wasiorefushwa. Sisemi mzee wako apasuliwe. Nasema huo ugumu wa fundo ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia.

Beseni na bahari sasa. Beseni liondolewe leo. Mtu asiyesikia hajui maji yana moto gani, wengi wanaungua hapo kisha wanaletwa wakiwa na jeraha la pili. Hata yakiwa vuguvugu, kuloweka kwalainisha ngozi nzima ya pembeni na kidonda chapanuka. Sisi mafizio wenyewe tulikuwa na mazoea hayo, yale matangi ya maji ya kuzunguka yaliyokuwa kwenye idara zetu, na chama cha mafizio wa Marekani mwaka 2014 kilisema waziwazi tusiyatumie tena kwa vidonda, yasambaza vijidudu na mguu ukining'inia wafura. Kama tangi limekatazwa, beseni la plastiki ambalo asubuhi lilifuliwa nguo tulisemeje?

Bahari najua ni mjadala mzito kwetu, kila mzee wa pwani atakwambia maji ya chumvi yaliwafungia vidonda walipokuwa watoto. Ngozi ya mtoto mzima wa afya hufunga hata ukiiacha. Kwa mtu wa sukari mwenye kidonda wazi, maji ya joto ya bahari yana vijidudu jamii ya vibrio ambavyo vyaweza kumla mguu kwa siku mbili tatu, na huko pwani mjini mitaro ya maji machafu yamwagika wapi? Tena atafika majini vipi, akanyagie mchanga na kombe? Hapana. Kuosha ni maji safi yanayonyweka yaliyochemshwa yakapoa, ama saline, yale maji ya chumvi safi ya hospitali, yamiminwe juu ya kidonda, yatosha. Maji ya kisima ya chumvi chumvi ama ya mkokoteni usiyatumie mabichi. Hidrojeni peroksaidi, spiriti, Dettol, unga wa vidonge vya antibayotiki vilivyopasuliwa, vyote hivyo viwekwe mbali, vyachoma nyama changa inayojaribu kuota. Na msikiache wazi "kipate hewa". Tangu 1962 George Winter alipofanya majaribio yake kwa nguruwe twajua jeraha lenye unyevu wa kadiri lafunika ngozi haraka kuliko lililokaushwa likafanya kigaga. Unyevu wa kadiri, si kuloana.

Ile sugu ya pembeni lazima itolewe, yenyewe ni kama kokoto ndani ya kiatu, kuna waliopima wakakuta kuikwangua tu kwapunguza mgandamizo wa hapo kwa takriban robo. Lakini si wewe, ila kama umefunzwa kwa skalpeli, kile kisu cha upasuaji, na umesimamiwa. Na hata nesi ama daktari akifanya mkumbushe mzee ni wa stroke, huenda atumia dawa za kulainisha damu, waulize kabla ya wembe. Wala familia wasijaribu na wembe wa kunyolea ama yale maji ya kuyeyusha sugu ya duka la dawa.

Halafu mvue na soksi ya kushoto. Naapa hujaangalia kisigino cha mguu dhaifu, wengi hatuangalii tukishapata kidonda kimoja. Mguu usiojigeuza ukilala kwenye godoro la sponji lililobonyea usiku kucha kisigino chaoza taratibu. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu, urefu wote, kisigino kielee hewani kabisa, na kisigino si mahali pa kuweka mto wenyewe. Ile donati ya kitambaa watu wanashonesha itupwe, yakata damu pembeni. Mgongoni na kwenye nyonga mtazame pia, ageuzwe usiku kila baada ya saa mbili hivi mpaka mwone ngozi inavumilia, na akikaa kwenye kiti muda mrefu ajiinue ama ainamishwe kila nusu saa.

Kupima maendeleo ni rahisi na hakuna anayefanya. Rula, urefu mara upana, picha yenye rula ndani kwa ruhusa ya mzee, kila wiki siku ile ile. Baada ya wiki nne eneo linatakiwa liwe limepungua karibu nusu. Halijafika, usiongeze dawa, rudi kwenye maswali: anakanyaga wakati gani sijui, damu yafika, mfupa umeambukizwa, sukari iko ngapi, anakula nini. Kwenye kula msiwaachie wamnyime kila kitu kwa hofu ya sukari, nyama haijengwi kwa uji mtupu. Samaki, mayai, maharagwe, mbaazi za nazi zenyewe si adui, adui ni yale mahamri manne yanayokuja nazo na chai ya sukari vijiko vitatu.

Mashine ya umeme ya kliniki kwenu, kwa vidonda vya kulalia kuna ushahidi wa kutosha kwamba yasaidia, ultrasaundi ya tiba (si ile ya kupiga picha) ushahidi wake ni hafifu, lakini kwa huyu mzee sioni haja ya kumtoza hela ya mashine kabla hamjakitua mzigo. Hiyo ni maoni yangu na najua kuna wenzetu watanuna.

Kuhusu matatani. Wewe umesajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya chini ya sheria ya 2014, kinachokulinda ni kufanya uliyofunzwa na kuandika ulichofanya. Andika ulivyokikuta siku ya kwanza, mapigo, ganzi, joto, ukubwa, picha, nani umemjulisha na saa ngapi. Mpigie nesi usiku huu, si kumuagiza, muulize yeye ameona nini na mpange mkutane pale siku moja muone mguu kwa pamoja, yeye atadresi wewe utapanga sponji na mwendo. Kama daktari wake wa sukari hajui kuna kidonda, ajue wiki hii. Na chanjo yako ya hepataitisi B umalize zote kama hujamaliza, glavu kila mara hata ukienda kunyoosha mguu tu.

Kikifunga, inshallah, msitupe viatu vile vipana mkasherehekea. Karibu wanne kati ya kumi hurudi na kidonda ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi pale pale. Wiki za mwanzo kovu ni jembamba, kutembea kurudishwe kidogo kidogo, leo dakika chache kisha vua soksi mtazame, kama mahali pana joto kesho punguza. Mke wake awe anatazama nyayo zote mbili kila usiku kabla ya kulala, kwa tochi ya simu, na mkono aingize ndani ya kiatu kila asubuhi kabla mzee hajavaa, kuna mmoja niliyemtibu alitembea siku nzima na kifuniko cha soda ndani.